Sindano ya Mkwe

Mtaani kwake walimwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ni kweli alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, mwenye duka lake na wasichana watatu wanaojifunza kazi, lakini jina hilo alilipata zaidi kwa ulimi. Mteja akinenepa, Bi Mkasi alimwambia palepale, futi ya kupimia ikiwa bado imemzunguka kiunoni. Mwenyewe alivaa kama mtu anayetarajia kupigwa picha wakati wowote: gauni limenyooshwa, kitambaa cha kichwani kimefungwa barabara, viatu safi hata siku za tope. Tangu alipofiwa na mumewe hakuna aliyewahi kumwona amevurugika, na mtu ambaye Bi Mkasi aliapa moyoni kwamba kamwe hatamwona katika hali hiyo alikuwa mkwe wake.

Mkwe huyo alikuwa daktari, mkuu wa idara ya dharura kwenye hospitali kubwa ya mji alikoolewa binti yake. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na adabu, tena adabu ya kupitiliza, ile inayowachosha wote wawili. Bi Mkasi akiuliza habari za kazi, mkwe alijibu kazi ni nzuri, Mama. Mkwe akiuliza habari za duka, yeye alijibu duka halijambo. Baada ya hapo wote waligeukia televisheni kwa shukrani, hata kama ilikuwa inatangaza sabuni.

Safari hii alikuwa amekwenda kuwashonea mapazia ya nyumba mpya. Asubuhi moja alijigeuza kitandani na dari ikaanza kuzunguka. Alishika godoro kwa mikono miwili, akafumba macho, lakini hata gizani mambo yalizunguka vilevile, akajikokota hadi chooni kutapika. Binti yake alimkuta sakafuni chooni, uso umekuwa wa majivu. Mkwe alikuwa ameshaondoka kwenda kazini kwa gari la hospitali, lake ameliacha nyumbani.

"Twende hospitali, Mama."

"Siendi. Hii ni njaa tu."

Alitapika tena, na maneno ya njaa yakaishia hapo. Ndani ya gari alijikaza kisabuni, ameuma midomo, kwa kuwa gari lilikuwa la mkwe na viti vyake vilikuwa vya kitambaa cheupe. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara alishindwa. Alifungua mkoba wake mwenyewe, mkoba wa ngozi alioupenda, akatapikia humo, juu ya miwani, juu ya futi ya kupimia, juu ya pipi za mjukuu. Kisha akaufunga zipu kama vile hakuna kilichotokea. Binti yake alitazama mbele, akajifanya hakuona.

Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Vitanda vilipangwa bega kwa bega, vimetenganishwa kwa mapazia ya rangi ya maji ambayo Bi Mkasi, pamoja na hali yake ile, aliona pindo zake zimeshonwa ovyo. Walimlaza karibu na mlango. Binti yake akaenda dirishani kuandikisha. Muuguzi akampa beseni, akamfunga mpira mkononi, akamchoma, akaunganisha dripu. Hapo ndipo pazia lilipovutwa na mkwe akaingia, koti jeupe, madaktari wanafunzi wawili nyuma yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu Bi Mkasi, na kabla neno halijamalizika akatapika. Beseni lilidaka nusu. Nusu nyingine iliangukia viatu vya mkwe.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkwe alisema si kitu, Mama, hapa ndio nyumbani kwa mambo hayo, lakini alikuwa amerudi nyuma hatua moja, na mwanafunzi mmoja alikuwa anabana kicheko. Bi Mkasi alifumba macho. Aliona afadhali asikie tu.

Basi akasikia. Alimsikia mkwe akiwaeleza wanafunzi wake kwamba huenda tatizo lilikuwa sikio la ndani, kwamba kizunguzungu cha namna ile hakiui, ila kutapika kulitakiwa kukomeshwa. Halafu akaingia kwenye jambo ambalo kwa sauti yake tu ulijua analipenda. Idara yake ilikuwa inalinganisha dawa za kuzuia kichefuchefu kwa wagonjwa watu wazima. Walikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa sindano ya zamani ya metoklopramidi, ambayo wauguzi wote waliiita metoklo. Ya pili kidonge cha ondansetroni kinachoyeyuka juu ya ulimi. Ya tatu wala haikuwa dawa ya kumeza wala ya kuchoma: pamba yenye spiriti, ileile ya kupangusia ngozi, mgonjwa ananusa taratibu kwa pua. Mgonjwa anapangiwa moja kwa kura, anaulizwa kichefuchefu kikoje, kisha anaulizwa tena baada ya nusu saa.

"Huyu hapa jirani ni wa pamba," alisema mkwe, na Bi Mkasi akafungua jicho moja. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na dereva wa lori, mwanaume wa kifua kipana, ameshikilia kipande cha pamba puani kwa vidole viwili kama anavyoshika mtu ua. "Unajionaje, mzee?"

"Nafuu, daktari. Ila nanuka kama duka la dawa."

"Hata hivyo," mkwe akawaambia wanafunzi, "mpaka sasa metoklo inaongoza. Wagonjwa wake ndio wanaoondoka haraka kuliko wote. Wengine hata hawangoji kuruhusiwa, unakuta kitanda kitupu, mtu keshapona kaenda zake."

Wanafunzi wakacheka. Mmoja akauliza kama Mama naye ataingizwa kwenye kura.

"Mama siwezi kumchezea bahati nasibu. Mama atapata ile ninayoiamini."

Maneno hayo yalimgusa Bi Mkasi. Katika miaka yote ya habari za kazi na habari za duka, mkwe hakuwahi kusema jambo la karibu kiasi hicho. Alitoa mkono wake mwenyewe. Mkwe alichukua bomba la sindano kwa muuguzi, akalichomeka kwenye mpira wa dripu. Mlangoni kulikuwa na mtu analetwa kwenye machela, anapiga kelele, na mkwe alishaanza kugeuza shingo kuangalia. Alisukuma dawa yote mara moja, akavua glavu, akaondoka na wanafunzi wake.

Kutapika kulikoma. Hilo lazima lisemwe. Tumbo lilitulia kama mtu aliyeambiwa kaa chini. Bi Mkasi alivuta pumzi, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akaanza kufikiria namna ya kuuosha mkoba.

Halafu kitu kilianza miguuni.

Hakikuwa maumivu. Angekuwa ameumwa, angevumilia, maana alizaa bila kupiga ukelele. Kilikuwa kama wasiwasi ulioingia ndani ya nyama. Alinyoosha miguu, akaikunja, akainyoosha tena. Hakuna mkao uliomfaa. Wasiwasi ukapanda mapajani, kifuani, hadi kwenye taya. Aliketi. Akalala. Akaketi tena. Moyo ulimwambia neno moja tu, toka, toka, toka, na hakujua atoke wapi, kwa kuwa kitu alichotaka kukitoka kilikuwa mwili wake mwenyewe.

"Muuguzi," aliita. "Niruhusu nisimame kidogo."

"Tulia Mama, dripu haijaisha."

Alijaribu kutulia. Shahidi wake ni dereva wa lori, aliyemwona ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, magoti yanacheza. Kisha akashuka. Alitembea mpaka pazia likomeapo, akarudi, akaenda, akarudi, akiburuta chuma cha dripu. Joto likampanda kichwani, akafungua kitambaa akakitupa. Nywele zake za mvi, ambazo hata binti yake alikuwa hajaziona zimeachwa wazi mbele ya watu, zilisimama pande zote. Dripu ilimvuta, naye akaichomoa. Damu ikamchuruzika hadi vidoleni.

Mkwe alikuja mbio.

"Mama, rudi kitandani."

"Nitoe hapa. Kuna kitu kibaya. Nataka kutoka kwenye ngozi yangu."

"Mama, umeshapona, hutapiki tena. Rudi ulale."

"Nimekwambia nitoe!"

"Mama." Mkwe alishusha sauti, lakini chumba kizima kilikuwa kimenyamaza, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Acha maigizo. Hapa ni kazini kwangu. Unanitia aibu."

Laiti angeishia kukimbia tu. Bi Mkasi alimtazama yule mwanaume aliyemzibia mlango, akasikia hasira inapanda juu ya wasiwasi, na mdomo ukafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Nilimwambia mwanangu aolewe na mhasibu! Nilimwambia! Mhasibu asingenifungia humu kama mbuzi!"

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, ametoka dirishani na kadi ya mgonjwa mkononi.

Bi Mkasi hakungoja kuona nyuso zao. Alimpita mkwe kwa bega, akatoka hadi kwenye uwanja wa magari ya wagonjwa, kichwa wazi, kiatu kimoja, na hapo akaanza kuzunguka. Alizunguka gari moja, akazunguka la pili. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogeza watoto. Mtu mmoja alisema, masikini, kachanganyikiwa. Mlinzi alimshika mikono kwa nyuma, si kwa ukali, akimwambia bibi yangu usinitie matatani, na muuguzi akaja na sindano nyingine ya kumtuliza. Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

Alipozinduka alikuwa kwenye nyumba ya binti yake, jua linazama dirishani. Ule wasiwasi ulikuwa umekwisha, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Na hilo ndilo lililomtisha. Lingebaki hata chembe ya kujitetea nayo, angeionyesha. Lakini alikuwa mzima, ametulia, anakumbuka kila kitu mpaka ile sindano ya mwisho.

Binti yake aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Umeamka salama?"

"Salama."

"Utakunywa uji?"

"Baadaye."

Hawakutazamana. Binti alikuwa anakunja shuka, anakunjua, anakunja tena. Mwishowe akasema, "Mama, yale maneno ya mhasibu," kisha akaghairi, akasema uji utakuwa jikoni, akatoka.

Usiku ule na uliofuata Bi Mkasi alifikiria jambo moja, nalo halikuwa mhasibu. Alimfikiria dada yake mkubwa. Dada yake alikuwa mwanamke mwenye akili na madaha, mpaka siku alipotoka nje bila viatu akauliza majirani njia ya kwao. Ilianza hivyohivyo, ghafla, mbele ya watu. Familia ilisema ni uchovu. Miaka miwili baadaye hakumjua hata mtoto aliyemzaa. Kwa hiyo ni zamu yangu, alijiambia Bi Mkasi. Akaanza kujipima kimyakimya: akakumbuka vipimo vya wateja wake, mabega, kifua, kiuno, mmoja baada ya mwingine. Vyote alivikumbuka. Hata dada yake mwanzoni alikumbuka mengi.

Mkwe alimwepuka. Aliondoka kabla hajaamka, akarudi amechelewa, na alipokutana naye kwenye korido alisema "Mama," akainamisha kichwa, akapita. Bi Mkasi aliona ni haki yake. Mtu aliyevuliwa heshima kazini kwake na mama mkwe, atasema nini? Aliyaacha mapazia nusu, akadai kuna mteja wa harusi anamsubiri, na binti yake akampeleka hadi nyumbani bila kubisha sana. Njiani redio ndiyo iliyozungumza.

Nyumbani hakwenda dukani. Aliwaambia wasichana kwamba macho yanamsumbua. Walimletea hesabu na maswali mlangoni, naye akajibu bila kufungua mlango wote. Aliogopa siku atakayovua kitambaa mbele yao bila kujua. Kizunguzungu kilimrudia asubuhi mbili, kidogo, na kila mara alikaa chini akashika ukuta, akaapa kwamba hata kikimuua hatarudi hospitali yoyote kuwa sinema ya watu. Alianza hata kuwaza nani atachukua vyerehani. Msichana mkubwa alikuwa na mkono mzuri, ila hakuwa na subira na vifungo.

Siku ya nane, mchana, mtu alibisha hodi kwa sauti ya kiume. Alichungulia dirishani akaona gari lenye viti vyeupe.

Alimwacha asimame. Alioga, akabadili gauni, akafunga kitambaa, akakifungua, akakifunga upya. Alipofungua mlango mkwe alikuwa bado palepale, jasho limemlowesha kola.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, Baba. Nyumbani wazima?"

"Wazima."

Walikaa. Safari hii televisheni ilikuwa imezimwa. Mkwe alitazama mikono yake.

"Mama, nimekuja kusema jambo. Hukuchanganyikiwa siku ile. Ilikuwa sindano."

Bi Mkasi aligusa fundo la kitambaa chake.

"Ile metoklo. Ikisukumwa haraka, kuna watu inawatia hali kama ile. Mtu hawezi kutulia, anataka kukimbia, anaona kama atapasuka. Wala si akili yake. Ni dawa. Inapita yenyewe baada ya saa chache, na kuna dawa ya kuiondoa, ningekupa, ungekaa sawa. Na ningeisukuma taratibu, au ningeitia kwenye dripu ishuke polepole, huenda usingeipata kabisa. Niliisukuma kama mtu anayekimbiwa na basi."

Bi Mkasi alihisi kitu kinalegea mgongoni, kitu alichokuwa amekibeba bila kukitua tangu siku ile. Machozi yalimlenga. Alikuwa karibu kusema ahsante, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, fundi ndani yake alipouliza swali.

"Umejua lini?"

Mkwe aligeuza funguo za gari mkononi.

"Nakuuliza, Baba. Umejua lini?"

"Siku ileile. Jioni. Nilikuwa kwenye gari, nikayakumbuka maneno yako, kwamba unataka kutoka kwenye ngozi yako. Maneno hayo nimewafundisha wanafunzi mwenyewe, Mama. Nimeyaandika ubaoni."

"Siku ileile."

"Ndiyo."

"Na mimi siku zote hizi nimejifungia humu, najiaga. Namwona dada yangu kila nikitazama kioo. Nimegawa vyerehani kichwani mwangu. Na wewe ulikuwa unajua, unanipita koridoni."

"Niliona aibu."

"Aibu!" Sauti ya Bi Mkasi ilipanda, kisha akaishusha, maana madirisha yalikuwa wazi. "Aibu ya nini wewe? Ni mimi niliyeshikwa na mlinzi."

Hapo mkwe alisema yote, na hakuyasema vizuri, alirudi nyuma na kuruka mbele, lakini Bi Mkasi alielewa. Wiki ileile alitakiwa kusimama mbele ya wakubwa wa hospitali kueleza ulinganisho wake. Kwa mwaka mzima alikuwa amesema metoklo ndiyo bora, na sababu yake kubwa ilikuwa wale wagonjwa wanaoondoka haraka. Waliotoroka kabla ya kuulizwa mara ya pili, yeye ndiye aliyeagiza wahesabiwe wamepona. Kondakta mmoja aliondoka na mpira wa dripu bado mkononi. Mama mmoja aliruka uzio. Idara nzima ilicheka, yeye akiwa wa kwanza. Kama angekubali kwamba mama mkwe wake alikimbizwa na dawa, angelazimika kujiuliza wale wengine walikimbizwa na nini.

"Kwa hiyo ningekuwa kwenye kura, na mlinzi asingenidaka," Bi Mkasi alisema polepole, "na mimi ningehesabiwa nimepona."

"Ndiyo, Mama."

"Nikiwa huko barabarani, kichwa wazi."

"Ndiyo."

"Ukasimama mbele ya wakubwa ukasema hivyo?"

"Nilisema. Wakanipigia makofi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yule mwanafunzi mmoja, aliyekuwa nami siku ile, hakupiga. Aliangalia chini tu. Tangu hapo sijalala. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa hospitali, nimemwambia ulinganisho haufai, nimehesabu vibaya, tuuanze upya. Kisha nimekuja moja kwa moja hapa."

"Kwa nini hukuja hapa kwanza?"

Mkwe alisogea ukingoni mwa kiti. Aliinamisha kichwa chini kabisa, na Bi Mkasi akaona utosini nywele zimeanza kupungua. Alikuwa na maneno makali yamejipanga ulimini, ya kutosha kumkata vipande. Lakini alipotaka kuanza, mkwe aliinua uso akasema kwa sauti ndogo:

"Na yale maneno ya mhasibu, Mama. Nayo nadhani yalikuwa ya dawa."

Alikuwa anamfungulia mlango. Ilikuwa rahisi kabisa. Aseme ndiyo, ilikuwa dawa, mambo yaishe, arudi kuwa mama mkwe msafi aliyedhulumiwa. Bi Mkasi aliutazama mlango ule kwa muda. Uso ulimchoma.

"Hapana," alisema. "Kukimbia kulikuwa kwa dawa. Maneno yalikuwa yangu."

Mkwe aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kipimo alichokuwa anakitarajia.

"Ni ya zamani," akaongeza Bi Mkasi haraka. "Kabla hujaoa. Nilimwambia kweli. Nilimwona yule mhasibu ana utaratibu, anabisha hodi, wewe ulikuwa unakuja na viatu vya tope, unasinzia kwenye kiti. Baadaye nilibadili mawazo, lakini sikumwambia mtu. Nikakaa na adabu tu. Nisamehe."

"Nilikuwa nasinzia kwa sababu ya zamu za usiku."

"Sasa najua."

Wote wawili walitazama televisheni iliyozimwa.

"Mwanangu anajua?" Bi Mkasi aliuliza. "Kwamba ulijua?"

Mkwe alitikisa kichwa kukataa.

"Mpigie. Hapahapa."

Alipiga. Hakujitetea, hilo Bi Mkasi alimpa. Alisema tangu mwanzo hadi mwisho, hata siku ya makofi. Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa. Kisha binti alisema, "Mpe Mama."

Bi Mkasi akaipokea.

"Mama," sauti ya binti ilikuwa nzito, "siku zote hizo ulidhani ni kama mama mkubwa?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilidhani hivyohivyo. Nikanyamaza. Nilikuwa naogopa hata kukuangalia."

Mama na mwana walilia kwenye simu, huyu huku, yule kule, na mkwe katikati yao hana pa kuweka mikono. Mwishowe binti alisema, "Mwambie asije nyumbani kwanza. Nikimwona sasa hivi nitasema jambo baya. Aje usiku."

Bi Mkasi alimfikishia ujumbe neno kwa neno. Mkwe akasema sawa, atakwenda kukaa mahali. Alisimama, akaelekea mlangoni, akasimama tena, na ilikuwa wazi kwamba hakuwa na mahali.

"Twende dukani," Bi Mkasi alisema. "Njoo. Sikuachi humu ndani peke yako, majirani watauliza."

Wasichana walishangaa kumwona anaingia na mwanaume wa shati la pasi. Walisema shikamoo, wakauliza macho yanaendeleaje. Bi Mkasi alisema macho yako sawa, yalikuwa sawa siku zote, aliwadanganya. Hakueleza zaidi siku hiyo. Aliangalia kazi zilizorundikana, akakuta gauni la mteja pindo limeshonwa limepinda, akamtazama msichana mdogo, akaacha kusema alilotaka kusema. Alilichukua, akampa mkwe pamoja na kifumulio cha kukatia nyuzi.

"Wewe una mkono wa kukata. Fumua hili."

Mkuu wa idara ya dharura alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yamefika kidevuni, akafumua pindo. Wasichana waliinama kwenye vyerehani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alifumua nusu, akachana kitambaa.

"Samahani, Mama."

"Nimeona."

Hakuongeza neno. Aliligeuza gauni, akatazama mchano, akaanza kuwaza kiraka cha ndani kitakachouficha. Yeye mwenyewe alikuwa bado ana hasira, na angekuwa nayo kwa miezi. Baadaye ulinganisho ulianzishwa upya, sindano ikaanza kutiwa kwenye dripu, kila mgonjwa akawa anaulizwa kama miguu inamcheza, na waliotoroka wakapigiwa simu mmoja mmoja. Kidonge na pamba vilipata nafasi yao. Yote hayo alielezwa na binti yake, na yalimfurahisha kwa kiasi. Sikio lake lilitibiwa na daktari mwingine, mwanamke, aliyemgeuza kichwa kulia na kushoto kitandani mpaka dari ikatulia. Ila kwenye idara ile hakukanyaga tena, na kila alipopita mbele ya uwanja wa magari ya wagonjwa alishika kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja.

Siku ile dukani walikaa mpaka jua lilipopungua. Mkwe alimaliza pindo, akalikunja vibaya, akaliweka mezani.

"Niende, Mama?"

"Nenda. Usiendeshe mbio."

Alisimama mlangoni kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo lililobaki. Bi Mkasi alijishughulisha na kuchomeka uzi kwenye sindano, akaukosa mwanya, akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, mpaka aliposikia gari linaondoka.